Siku ya Nne ya Mama Ipyana

1

Asubuhi ile nilishuka mlima mara mbili kabla ya saa nne, na sikuwa nimenyanyuka kwenye kigoda.

Nilikuwa nimevaa mwili wa Mama Ipyana. Ndivyo tunavyosema karakanani kwetu, na wageni wakitusikia hututazama kwa wasiwasi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa fulana tu. Vivao hufumwa viwili viwili kwa uzi mmoja: kimoja anakivaa mtumiaji chini ya nguo zake kwa wiki nzima, cha pili, tunachokiita nakala, kinabaki kwetu. Kivao hakioni wala hakisikii. Kinashika mwili peke yake: msuli unapokaza, joto linapopanda, moyo unavyokwenda, uzito unavyokandamiza, hadi mitikisiko midogo ya ndani ambayo mwenyewe hana habari nayo kwa sababu ana shughuli nyingine. Kisha mbunifu anavaa nakala, anakaa kimya, na wiki ya mtu mwingine inampitia saa kwa saa. Juu ya mlango wetu wa mbele tumechonga maneno ya wahenga: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna anayeruhusiwa kuchora hata mstari mmoja kabla hajavaa.

Naipenda kazi hii mpaka naona haya. Gwakisa, mwenzangu wa meza moja, husema nikivaa nakala nakuwa kama mtoto aliyepewa muwa. Na safari hii nilikuwa na haki ya kufurahi, maana Mama Ipyana si mtumiaji wa hivi hivi. Tangu maporomoko yalipoimeza barabara yetu, ndizi zote za mitaa ya juu ya Rungwe hushushwa na wanawake mia tatu na arobaini, kichwani, hadi kituo cha kamba ambako vigari vya angani huzichukua na kuzipeleka mjini. Mama Ipyana ndiye mwenye mwendo kuliko wote. Ana miaka arobaini na sita, watoto wanne, mjukuu mmoja, na shingo ambayo siku ya kwanza nilipoivaa niliomba maji ya kunywa.

Tulikuwa tunawatengenezea wachukuzi hao Mgongo. Nikianza kuusimulia sitamaliza, kwa hiyo nitajizuia. Una mbavu za mianzi, na kati ya mbavu kuna misuli tuliyoiotesha wenyewe kwa nyuzi za mgomba. Ukiinywesha maji ya sukari na kuigusa kwa umeme kidogo, inakaza na kulegea kama ya kwako. Ukiuvaa, Mgongo unabeba kilo sabini wenyewe, miguu yake miwili ikipiga hatua nyuma ya miguu yako, wewe unatembea bila mzigo! Kinachobaki ni kuufahamisha unataka kwenda wapi. Kwa ajili hiyo tulikuwa tumebuni mkanda mpana unaofungwa kiunoni na kukazwa sawasawa, kwa kuwa kiuno hugeuka kabla mguu haujanyanyuka, na mkanda husoma mgeuko huo. Ulituchukua miezi minane. Nilijivunia mkanda ule kuliko nilivyojivunia harusi yangu.

Saa nne na dakika kumi na mbili za siku yake ya nne, Mama Ipyana aliketi kupumzika. Nilishaujua mwamba anaoukalia kwa ubaridi wake chini ya mapaja. Mkungu ulishuka kichwani, shingo ikarudi mahali pake, pumzi ikatulia. Na katika utulivu ule, chini ya kitovu, kitu kiligonga.

Kiligonga kidogo tu. Kikanyamaza, kikagonga tena, halafu kikajiviringisha.

Nina binti wa miaka mitatu, Bupe. Kitu kile sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nilishika tumbo langu mwenyewe, ambalo halikuwa na chochote zaidi ya chai na kiazi, nikacheka kwa sauti pale kigodani. "Karibu!" nikasema. "Karibu mlimani, mgeni!"

Nilicheka hadi nilipokumbuka ukurasa wa pili wa mahojiano. Nilimhoji mimi mwenyewe, na majibu yake niliyaandika kama alivyoyatamka: Mambo ya mwezi? Hayo yaliniaga mwaka jana, mwanangu, nimepumzika. Mama Ipyana alikuwa hajui. Kwenye nakala alikwishasimama, akajitwisha mkungu wa kilo arobaini, akaanza kushuka kwa ule mwendo wake wa sifa. Na keshokutwa alikuwa awe wa kwanza kufungwa mkanda wangu uliokamilika.

2

"Gwakisa," nikamwita, "siku ya nne umeivaa?"

"Juzi. Shingo ile, dada! Mpaka leo nikiitwa nageuka mwili mzima."

"Saa nne na dakika kumi na mbili uliandika nini?"

Akafungua daftari lake. Gwakisa ana mwandiko mzuri kuliko wote karakanani. Alikuwa ameandika: Mtumiaji amekaa. Tumbo linaunguruma chini ya kitovu. Maharage? Chini yake ameongeza pendekezo kwamba wachukuzi washauriwe kula chakula chepesi kabla ya kazi.

"Vaa tena," nikamwambia.

Akavaa, akakaa, nikamrudishia dakika ile ile. Alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Maharage," akasema.

"Rudia."

Akarudia. Gwakisa hajaoa, lakini amelelewa na dada watano. Mara ya pili alifumbua macho taratibu, akanitazama, akatazama tumbo lake, akavua nakala kwa haraka kama inayomuunguza.

"Mwe!" akasema. "Na mwenyewe anajua?"

"Hajui."

Mpaka hapo tulikuwa salama, maana waliovaa nakala moja wanaruhusiwa kuzungumza wao kwa wao. Nje ya hapo kuna kiapo. Kila mbunifu wa kwetu amekila: nitakachokihisi nitakitumia kwenye kazi tu, na sitamwambia mtu yeyote, hata mwenye mwili, mwili wake umesema nini, asipouliza mwenyewe. Wapo wanaokiona kiapo hiki kuwa kikali mno. Hawakuwepo miaka saba iliyopita. Mbunifu mmoja wetu alimvaa fundi seremala, akahisi mkono wa kulia unaanza kutetemeka kwa ndani, na kwa wema wake akamwonya mbele ya wateja. Haikupita wiki, hakuna aliyempa yule fundi hata kiti cha kugongea msumari. Alihama na familia yake. Baada ya hapo watu wa vijiji vinne walituletea vivao vyetu ndani ya magunia, vimefuliwa na kukunjwa vizuri, na kwa miaka miwili hakuna aliyekubali kuvaa tena.

"Tukimwambia, tutakuwa tumekula kiapo chetu na kukitapika," alisema Gwakisa.

"Tusipomwambia tutamfunga mkanda tumboni na kuukaza kwa mikono yetu. Unaijua nguvu ya ule mkanda?"

Anaijua. Yeye ndiye aliyeupima.

Nilikwenda kwa Mwalimu Atuganile, aliyeianzisha karakana na ambaye bado hufagia sakafu yake mwenyewe kila asubuhi. Nilimkuta ameegemea fagio.

"Mwalimu, mkanda wa kiunoni unaweza kumuumiza mvaaji."

"Mvaaji yupi?"

"Siwezi kusema."

Akavua miwani. "Umehisi nini, Lugano?"

"Siwezi kusema, Mwalimu."

"Vizuri. Usiseme." Nadhani alikuwa anafikiria yale magunia. "Basi mkanda una kasoro. Kitu kikiwa na kasoro tunafanyaje hapa?"

"Tunakibuni upya."

"Mna siku mbili. Kuhuzunika mtahuzunika baadaye."

3

Siku mbili! Nikuambie ukweli, nilitoka pale nikikimbia, na sikuwa na huzuni hata chembe. Kama mkanda ungeondoka kiunoni, Mama Ipyana angekuwa salama bila mimi kufungua mdomo. Siri ingebaki siri, kiapo kingebaki kiapo, na karakana ingepata kitu kipya. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Tulitengeneza mifano kumi na moja. Kwetu mfano wa kwanza lazima uwe mbaya wa sura: maboksi, mipira ya baiskeli, gundi ya unga. Kitu kizuri watu wanaogopa kukisema vibaya, na tunachokitaka ni kusemwa. Tulihamishia usomaji mabegani, kwa mantiki kwamba bega nalo hugeuka mapema. Mfano wa tatu ulimtembeza Gwakisa kinyumenyume hadi ndani ya pipa la maji ya sukari, na nyuki wakamfuata kutwa nzima. Wa sita uligoma. Wa tisa ukasimama, ukapiga hatua, ukapinda kona ya mlango na kurudi, nami nikapiga vigelegele hadi Mwalimu akaja kuchungulia. Wa kumi na moja ulikuwa na mbavu halisi na misuli halisi, na haukugusa tumbo popote.

Siku iliyofuata ilikuwa Siku ya Kuvunja. Hii ni desturi yetu, na sijaiona kwingine. Watumiaji wanakuja, wanapewa kitu tulichokitengeneza na rungu la mti mgumu. Wanakijaribu, na wakikuta kasoro, wanaipiga rungu pale pale ilipo, mbele yetu, na sisi tunatakiwa kupiga makofi. Anayevunja kasoro kubwa kuliko zote anakwenda nyumbani na jogoo. Mama Ipyana alikwishatuchukulia majogoo matatu.

Alikuja na wachukuzi wenzake wapatao thelathini, akiwamo binti yake wa kwanza, Ipyana, ambaye naye ni mchukuzi na mtani kuliko mama yake. Nilimvika Mgongo kwa mkono wangu. Tulimpakia mikungu miwili, misuli ikanyonya sukari yake, ikakaza, na mzigo ukapanda juu kama hauna uzito.

"Jamani!" alisema Mama Ipyana. "Mbona nahisi kama nimesahau kitu nyumbani?"

Wenzake wakashangilia. Akaenda hatua kumi, ishirini, akapinda, akapanda kijimlima nyuma ya karakana. Nilikuwa naruka ruka kama Bupe. Ndipo jirani mmoja aliyekuwa anapita njiani akamwona, akapaza sauti kumsalimia: "Ndaga, mama!"

Mama Ipyana akanyanyua mkono kumjibu. Bega likapanda. Mgongo, kwa utii wake wote, ukaona ameamriwa kugeuka kulia, ukageuka, ukamtembeza moja kwa moja hadi kwenye uzio wa Mwalimu. Akapunga mkono mwingine ili tumsaidie, ukamgeuza kushoto. Tulipomfikia na kuuzima alikuwa ameshazunguka mara tatu, na Ipyana alikuwa ameketi chini, machozi ya kicheko yakimtoka.

Mama Ipyana alijivua taratibu. Akaomba rungu. Akapiga bega la kulia, akapiga la kushoto, mianzi ikapasuka.

"Kwetu mtu hapiti bila kusalimia," akasema. "Huu umebuniwa na watu wasiosalimiana."

Tukapiga makofi, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimevaa shingo yake, magoti yake na pumzi yake kwa siku nne nzima, na mkono ule nilikuwa nimeuhisi ukinyanyuka mara arobaini kwa siku. Nilidhani anafukuza nzi.

"Sasa mkanda wa kiunoni uko wapi?" akauliza. "Mwezi uliopita niliujaribu ule wa maboksi, ulikuwa mzuri. Nani kautoa?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

Watu thelathini walikuwa wananitazama. Gwakisa alitazama viatu vyake.

"Mnatuambia kila siku asiyeuliza hanalo ajifunzalo," alisema Mama Ipyana. "Leo nauliza mimi. Kitu nilichokipenda mmekiondoa bila kunishirikisha. Mkanda ulikuwa wa kiuno changu au wa chako?"

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa siku mbili nilikuwa nimebuni kitu kwa ajili ya mtu huku nikimkwepa mtu mwenyewe. Hata kama ningefaulu, angeshuka mlima salama kwa miezi kadhaa akiwa na jambo lake ambalo mimi nalijua na yeye halijui. Niliona aibu.

"Naomba tuzungumze ndani, mama," nikasema.

4

Chumba cha kuvalia kina vigoda viwili na dirisha moja. Alikaa, akanitazama nikifunga mlango.

"Unanitisha, Lugano."

"Mama, kivao kilishika jambo ambalo hukutuambia. Nadhani hukutuambia kwa sababu hulijui. Ndilo lililonifanya niondoe mkanda."

"Ni ugonjwa?"

Hapo ulimi ulinisumbua sana. Alikuwa ameuliza mwenyewe, na neno moja tu lingemtuliza. Lakini nikianza kulisema nusu, mwili ungekuwa wangu na yeye angekuwa msikilizaji.

"Mimi si wa kulisema," nikamjibu. "Ni lako. Ukitaka lisisemwe, halitasemwa kamwe. Mkanda sitakufunga, na wewe utaniambia nikufunge nini badala yake, tutatafuta pamoja. Ukitaka kulijua, iko njia moja ambayo sijawahi kuona mtu akiitumia. Nakala ya siku ya nne iko pale ukutani. Unaweza kuivaa."

"Mimi nijivae mimi?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka kwa mshangao, kisha akaacha. Alinisoma usoni kwa muda mrefu, kama anavyosoma wingu kabla ya kupanda mlima.

"Kama ungekuwa umeona kifo changu," akasema, "usingekuwa unang'ata midomo kuzuia kucheka. Lete."

Gwakisa, niliyemwita mlangoni, alikuwa na hofu moja ya kitaalamu: miili miwili ya mtu mmoja huenda ikagongana na kumpa kizunguzungu. Tukakubaliana akae bila kusogea, na nguvu ya nakala tuipunguze nusu. Nikampisha avae, nikaiwasha kuanzia saa nne kamili. Gwakisa alitoka nje bila kuambiwa.

Kwanza Mama Ipyana alishika shingo. "Kumbe inauma hivi?" akasema. "Mimi natembea na shingo hii?"

"Kila siku, mama."

"Na mbona huyu mwanamke anakimbia hivi? Anafukuzwa na nani?"

Aliendelea kujishangaa, goti, kisigino, pumzi. Alijionea huruma kwa namna ambayo sijui kama alikuwa amewahi kujionea. Nilijua amefika kwenye mwamba, kwa sababu mabega yake yalishuka. Nilitazama saa ya ukutani.

Dakika ya kumi na mbili uso wake haukubadilika. Mkono ndio uliotangulia. Ulinyanyuka gotini wenyewe, ukaenda chini ya kitovu, ukatulia pale.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Nikarudisha mara ya tatu. Alifumba macho. Halafu akaanza kuivua nakala, kwa haraka, nikamsaidia mikono. Akavaa blauzi yake, akaketi wima na mkono ukarudi palepale. Nje tuliwasikia wenzake wakimtania Gwakisa kuhusu nyuki. Tulikaa hivyo, yeye akisikiliza mwili wake mwenyewe bila uzi wowote katikati.

"Huyu hapa," akasema.

Nikalia. Sijui kwa nini mimi ndiye niliyelia.

"Bibi mzima!" alisema Mama Ipyana. "Nina mjukuu anayeota meno! Ipyana atanicheka hadi kanisani." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Lugano, mizigo yote ile. Nimembeza huyu na kumpondaponda miezi mingapi?"

"Hujambeza, mama. Hukujua. Na anagonga, umemsikia mwenyewe. Mkunga ndiye wa kusema mengine."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Gwakisa. Gwakisa alidhani ni maharage."

Alinitazama, akaangua kicheko ambacho nina hakika kilisikika hadi kituo cha kamba. Alipomaliza alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasimama.

"Asinisemee mtu," akasema.

"Hatakusemea mtu, mama."

5

Alirudi baada ya siku tatu, kutoka kwa mkunga, na mkononi alikuwa na ngata. Ngata ya kawaida, kitambaa kilichosokotwa duara, kile ambacho kila mchukuzi hukiweka kichwani chini ya mzigo. Akaitupa juu ya meza yetu, katikati ya michoro.

"Wiki nzima mmevaa mwili wangu, na hamkuniuliza swali moja tu la maana," alisema. "Kabla sijageuka njiani, kitu gani kinajua kwanza?"

"Kiuno," alisema Gwakisa.

"Kiuno cha nani? Wewe umebeba mkungu kichwani lini? Ukiwa na mzigo juu, kiuno hakithubutu kwenda popote kabla shingo haijakubali. Shingo inaegemea kiasi cha unywele mmoja tu, mguu unafuata. Ndiyo maana mkono wangu uko huru kusalimia."

Tulitazamana. Kisha sote wawili tukaruka kwenda kwenye nakala, tukagongana vichwa. Ilikuwa pale! Katika kila kona ya siku zote saba, shingo iliegemea kabla kiuno hakijageuka, mapema kuliko chochote tulichokuwa tumewahi kusoma. Tulikuwa tumeihisi kama maumivu tu, tukaandika maumivu.

Siku ile hakuna aliyekula mchana. Tulipasua ngata yake, yeye akiwa amekaa juu ya meza anatuelekeza, tukafuma ndani yake nyuzi za kivao, tukaiunganisha na mbavu kwa waya wa baiskeli. Mara ya kwanza Mgongo ulisujudu. Mama Ipyana akasema tumekaza mno, ngata haikazwi, hukaa. Tukalegeza. Mara ya pili aliiweka kichwani mwenyewe, akaegemeza shingo kwa kiasi ambacho sikukiona kwa macho, na Mgongo ukageuka. Akamsalimia Gwakisa kwa mikono miwili. Mgongo haukujali. Akamsalimia Mwalimu, akamsalimia fagio lake, akapunga kwa kila dirisha, na Mgongo ukaendelea kwenda alikoutaka, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Katibu wa ushirika wa wachukuzi alikuja wiki iliyofuata kuukagua. Ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho: akiukubali, Migongo mia tatu na arobaini ingetengenezwa. Mwanamume mwembamba, makini, wa makaratasi. Wachukuzi walikuwa wamejaa uwanjani, Ipyana yuko mstari wa mbele. Mama Ipyana alisimama katikati ya mbavu za mianzi, mzigo hana, kama mkunga alivyoagiza.

Katibu alizunguka Mgongo mara mbili, akafungua jalada.

"Maombi yenu ya kwanza yanasema mkanda wa kiunoni," alisoma. "Hapa naona kitambaa cha kichwani. Mkanda uliidhinishwa na kamati nzima. Sitaweka sahihi bila sababu. Nani ameuondoa, na kwa nini?"

Mwalimu Atuganile akanigeukia. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Ningeweza kusema shingo hutangulia kiuno, na ingekuwa kweli, ila ingekuwa kweli nusu, na Katibu angeuliza kwa nini tulianza kutafuta. Ningeweza kunyamaza, tukakosa sahihi. Nilikwishaamua kunyamaza.

"Nimeuondoa mimi," alisema Mama Ipyana.

Katibu akamgeukia. "Wewe mchukuzi?"

"Mimi mwenye kiuno. Andika, Bwana Katibu, usikosee. Mzigo wa nyuma nimemwachia huyu wa mianzi. Lakini mbele nina mwingine, wa miezi mitano, na huo haufungwi mkanda."

Kalamu ya Katibu ilibaki hewani.

"Mama!" alipiga kelele Ipyana.

Kisha vigelegele vikaanza, vya wanawake zaidi ya mia tatu kwa pamoja. Mama Ipyana alinyanyua mikono yote miwili kuwasalimia, akaegemeza shingo kidogo kuelekea mlimani, na Mgongo ukaondoka naye. Katibu alimfuata mbio na jalada lake wazi, akimwuliza aweke sahihi wapi.